SOMO: Kupiga kona na pikipiki bila mikono kukakamaa

Wakuu habari zenu. Kuna watu wanaendesha vizuri tu tambarare, ila wakianza kupandisha Lushoto kutokea Mombo wanakakamaa, kona ikija wanabana breki katikati na pikipiki inawavuta nje. Karibu woga wote wa kona unatokana na kuingia na spidi ambayo hujamaliza kuipunguza.

Hatua ya 1: Kagua tairi na upepo. Tairi kipara usipande nayo mlima, basi.

Hatua ya 2: Maliza kazi kabla ya kona. Pikipiki ikiwa bado imesimama wima, punguza kwa breki zote mbili, shusha gia, achia klachi, ndio uingie. Hapa msipapuuze, maana kwa kona ileile ukiongeza spidi mara 2 tairi inatakiwa ishike mara 4, kwahiyo kupunguza kidogo tu kunakupa nafasi kubwa sana.

Hatua ya 3: Macho. Geuza kichwa uangalie kona inapotokea, usikodolee shimo wala ukingo wa bonde, unapokazia macho ndipo unapoenda.

Hatua ya 4: Sukuma usukani. Spidi ikishavuka kama 30, ukitaka kushoto sukuma mkono wa kushoto mbele taratibu, pikipiki italala yenyewe kushoto. Wengi wanabisha mpaka wajaribu barabara iliyonyooka isiyo na magari. Viwiko vilegee, magoti yabane tangi.

Hatua ya 5: Ukishalala, vuta mafuta kidogo kidogo mpaka utoke. Usikate ghafla.

Halafu kona za kulia jamani, kaa kushoto kwenye leni yako. Tairi zinaweza kuwa ndani ya mstari lakini kichwa chako kwasababu umelala kimeshavuka upande wa pili, na fuso linashuka.

Mazoezi: chagua kona moja unayoona vizuri mpaka mwisho, asubuhi barabara ikiwa kavu, rudia hiyohiyo kwa spidi ndogo mpaka mabega yalegee, ndio uongeze.

MASWALI

Swali: Mkuu mimi nabeba abiria, wengine tukilala wao wanajivuta upande wa pili, nifanyeje?
Jibu: Mwambie kabla hamjaondoka aangalie juu ya bega lako la upande mnaopinda, atakaa sawa bila kujijua. Na breki anza mapema, uzito umeongezeka.

Swali: Wakati wa kushuka naweka free kuokoa mafuta, kuna shida?
Jibu: Kubwa sana ndugu yangu, acha kabisa. Gia ndiyo inayokushikia pikipiki, ukiweka free mzigo wote unabaki kwenye breki, na zile za ngoma zikipata moto zinaisha nguvu, tena kona bado zipo mbele.

Swali: Asante kwa somo. Je nikishaingia na spidi kubwa tayari?
Jibu: Usikanyage breki ya nyuma kwa hofu, tairi itateleza. Angalia unapotaka kutokea, sukuma usukani ilale zaidi, kwenye lami kavu tairi nzima ina uwezo kuliko unavyodhani. Kukiwa na mchanga au matope ya mashambani, kama una nafasi, iinue wima kwanza ufunge breki ukiwa umenyooka.