Mguu unawaka moto kuanzia kiunoni? Soma hii kabla hujakimbilia kulipia MRI (kipimo cha picha ya ndani ya mwili)

Hapa naongelea neva (mshipa wa fahamu) iliyobanwa, ila kwanza tuelewane kwenye neno mshipa, maana kwa Kiswahili chetu mshipa ni kila kitu, wa damu ni mshipa, ngiri ni mshipa, neva nayo ni mshipa. Mi nilipoanza kuumwa nilifika dirishani nikamwambia nesi "nina mshipa" akanielekeza kwa daktari wa ngiri, asubuhi nzima nimekaa foleni sio yangu. Kwa hiyo ukifika sema hivi: maumivu yanaanzia hapa, yanashuka mpaka hapa, ganzi iko kwenye vidole hivi. Basi.

Kinachotokea ni kwamba neva zinatoka kwenye uti wa mgongo kupitia vitundu vya pembeni, katikati ya pingili na pingili. Na kati ya pingili kuna diski, nje ngumu ndani ina ute, sasa ikituna au ikipasuka ule ute unaikandamiza neva na kuiwasha, na kwa wazee mara nyingi ni mfupa wenyewe unaota vinundu unaziba njia. Ndo maana unakuta kiuno kinauma kidogo tu ila mguu ndo unakunyima usingizi, mguu hauna kosa, neva yake imebanwa huko juu.

Sasa angalia ganzi yako iko wapi, hapa usiharakishe. Ikishuka nje ya mguu mpaka juu ya unyayo na kidole gumba, na ukijaribu kutembea kwa visigino mguu unagoma, mara nyingi ni neva ya L5, yaani ya pingili ya tano ya kiuno. Ikishuka nyuma ya mguu mpaka kidole kidogo na kusimama kwa vidole kunakushinda, hiyo ni S1, inayofuata chini yake. Hizi mbili ndo zinabanwa zaidi, na kwenye ripoti sehemu zinapobanwa utaona zimeandikwa L4/L5 na L5/S1, yaani katikati ya pingili hizo. Mkononi, kama ganzi iko kidole gumba, cha shahada na cha kati, inakuamsha usiku unakung'uta mkono kama unakung'uta maji, hiyo mara nyingi imebanwa kwenye kifundo cha mkono wala sio shingoni. Mafundi cherehani, wasusi na wajawazito wanaijua vizuri, na wengi wanapata nafuu kwa kuvaa kile kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala. Kidole kidogo na nusu ya cha pete? Angalia kisukusuku chako, labda unakiegemeza mezani kutwa nzima.

Ila ganzi ya miguu YOTE miwili, inaanzia vidoleni inapanda kama umevaa soksi, hiyo kwa kawaida sio kubanwa, pima sukari kwanza. Na mgongo unaouma usiku hata umelala, na homa za jioni, jasho, kilo zinapungua, nenda kapime TB, maana TB inakaa hata kwenye pingili na huku kwetu ipo sana, usikubali mtu akuchue wiki tatu kumbe ni hiyo.

Kuna hali moja ambayo haisubiri kesho. Mkojo umegoma kutoka au unatoka wenyewe, choo hukizuii, ganzi sehemu za siri na pale unapokalia, au miguu inalegea ghafla, hiyo usiku huohuo unaenda hospitali kubwa, maana ukichelewa unaweza usiurudishe mkojo tena maisha yako yote.

Kama huna hayo, vuta subira kidogo. Wengi wa mguu unaowaka wanapata nafuu ndani ya wiki 6 mpaka 12 bila kisu. Usilale kitandani wiki nzima, tembea kidogokidogo, acha kunyanyua ndoo na magunia, na zile sindano za maumivu za diklofenaki za kila siku duka la dawa achana nazo, zinaumiza tumbo na figo, mwenye presha au vidonda vya tumbo ndo kabisa. Mchuaji akikukanda misuli taratibu sawa, akitaka kukunyonga shingo "irudi mahali pake" inuka ondoka.

Kumpata mtaalamu sasa. Anzia hospitali ya wilaya au ya mkoa, daktari akunyanyulie mguu ukiwa umelala chali, akugonge magoti, apime nguvu za vidole. Asiyekugusa kabisa akakuandikia MRI, tafuta mwingine. Watu wa mazoezi tiba unawapata hapohapo, na ndo wengi wanaponea. Ukihitaji kupanda juu omba rufaa ya karatasi hasa kama unatumia bima, Dar ni MOI (Taasisi ya Mifupa) pale Muhimbili, Moshi KCMC, Mwanza Bugando, Dodoma Benjamin Mkapa. Wa kumuulizia ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na jina lisikutishe, mgongo ni kazi yake pia, au bingwa wa mifupa anayefanya migongo, maana sio wote wanafanya. Jina lake liwe kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika, wale wa "tunatoa diski kwa mitishamba" hutawakuta humo.

MRI ina wakati wake, kama nguvu zinapungua, wiki zimepita hakuna nafuu, au upasuaji unazungumzwa. Eksirei inaonyesha mifupa tu, neva haionekani. Na diski iliyotuna wanakutwa nayo hata watu wazima wa afya wasioumwa popote, kwa hiyo ripoti lazima ilingane na ganzi yako, kama picha inasema kulia na we unaumwa kushoto, mwambie dokta. Omba na CD yenye picha sio karatasi peke yake, bingwa atataka aangalie mwenyewe. Akisema upasuaji muulize anapasua pingili ipi, kwa nini sasa hivi, na nini kitatokea nikisubiri mwezi. Mi nilipouliza hilo la mwisho dokta akacheka akasema basi subiri, akaniandikia mazoezi, mpaka leo sijapasuliwa.