Namna ya Kulisha Mtambo wa Bayogesi kwa Mabaki ya Mkonge

Jani la mkonge likipita kwenye korona, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, hutoa katani (nyuzi ndefu) ambayo ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wake. Sehemu inayobaki, yaani nyama ya jani, maji yake na nyuzi fupi, imezoeleka kumwagwa mabondeni na mitoni. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilithibitisha kuwa mabaki hayo hutoa gesi ya kutosha kuendesha jenereta za umeme. Mkulima mwenye mtambo mdogo wa kuba uliojengwa kwa ajili ya samadi anaweza naye kuyatumia, mradi asiwe na haraka.

Mtambo usianzishwe kwa mkonge. Ujazwe kwanza kinyesi kibichi cha ng'ombe kilichokorogwa na maji kwa kiasi sawa, kwa sababu ndicho chenye bakteria wanaotengeneza methani, gesi inayowaka, kisha uachwe kwa wiki kadhaa. Gesi ya mwanzo huwa imechanganyika na hewa na inaweza kulipuka, hivyo itolewe nje, mbali na moto wowote.

Jiko likishawaka kwa mwali wa bluu uliotulia, mabaki yaanze kuingizwa. Nyuzi ndefu ziondolewe na zilizobaki zikatwekatwe, la sivyo zitaelea, zitashikana na kuziba bomba. Hatua inayofuata ndiyo inayodai uangalifu kuliko zote: mabaki ya mkonge ni machachu, na yakiingizwa mengi kwa mara moja, asidi hujilimbikiza kwa kasi kuliko bakteria wa methani wanavyoweza kuitumia, nao hudhoofika hata gesi ikakoma kabisa. Kwa hiyo sehemu moja ya mabaki ichanganywe na sehemu tisa za samadi, na sehemu ya mabaki iongezwe kidogo kidogo kila baada ya wiki moja au mbili. Samadi isiachwe kabisa, kwani huleta naitrojeni na hupunguza uchachu.

Karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu (namba ikishuka, uchachu umezidi), ni za lazima, kwa maoni yangu, kuliko kifaa kingine chochote. Kipimo kizuri ni kati ya 6.8 na 7.5, kikishuka chini ya 6.5, ulishaji usimamishwe siku kadhaa, na ikibidi maji ya chokaa yaongezwe kwa kiasi kidogo. Mwali unaozimika ovyo nao ni dalili ya kabonidayoksaidi kuzidi.

Mtu asiingie ndani ya mtambo kuzibua bomba, hata ukiwa umefunguliwa: gesi iliyobaki huua. Tope linalotoka lirudishwe shambani kama mbolea, likifunikwa kwa udongo ili naitrojeni isipotee hewani.