Raba za kugongea za nyuma: ninavyozibadilisha uani kwangu kwenye Land Cruiser ya vitunguu

Niliisikia nikitoka Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, na magunia 12 ya vitunguu, mengi yake lumbesa: "ga!" chini ya bodi kila nilipovuka kikorongo. Springi iliyokatika hailii hivyo, wala shokapu iliyokufa. Huo ulikuwa mlio wa chuma kukutana na chuma. Nilipofika Karatu nikalala chini ya gari na tochi. Raba ya kugongea ya kulia haikuwepo kabisa, kimebaki kibati chake. Ya kushoto ilikuwa imepasuka hadi kwenye shina.

Raba hizi, ambazo wauza spea wengine huziita bampu stopu, zimefungwa chini ya chesisi, moja kila upande, juu kidogo ya ekseli. Gari likizama kwenye shimo, ekseli inapanda, na raba ndiyo inayoipokea kabla haijagonga chesisi. Inalinda pia shokapu isijifunge hadi mwisho wake. Ikikosekana, pigo lote linaishia kwenye chesisi, kwenye macho ya shokapu na kwenye senta bolti, ile inayoshikilia vyuma vya springi pamoja. Ni kipande kidogo sana ukilinganisha na vitu kinavyoviokoa, ndiyo maana naumia nikiona pikapu inapakiwa sokoni na nyuma haina hata moja.

Gari langu ni pikapu ya Land Cruiser aina ya HZJ79, injini ya dizeli ya 1HZ, springi za nyuma za vyuma bapa vilivyolaliana. Kabla ya kwenda dukani, pima. Simamisha gari tupu mahali tambarare, kisha chukua rula upime kutoka ncha ya raba hadi pale inapogonga kwenye ekseli. Kama raba haipo, pima kutoka kibati, halafu utoe urefu wa raba mpya. Mimi nilipata milimita 90 kushoto na 70 kulia. Tofauti ile ilinieleza kilichoiua raba ya kulia: springi ya upande ule ilikuwa imelala. Ningefunga raba mpya peke yake, ningerudi chini ya gari baada ya miezi michache. Springi nilimpelekea fundi akaikunja upya na kubadilisha kipande kimoja, ndipo nikafunga raba.

Kwenye kununua, usikubali kipande cha tairi. Gereji moja iliwahi kunikatia mpira wa lori ikanifungia kwa bolti, nami nikashukuru kwa kuwa ilikuwa rahisi. Ule mpira haubonyei. Raba halisi imechongwa nyembamba nchani na nene kwenye shina, ili ianze kwa ulaini na kukaza kadiri inavyobanwa. Kile cha tairi kilikuwa kigumu toka mwanzo, tena kirefu kuliko inavyotakiwa, na kibati cha kwenye chesisi kikaanza kufanya ufa. Nenda na raba ya zamani mkononi. Linganisha urefu na umbali wa matundu, kisha bonyeza ncha kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama soli ya kiatu, irudishe. Waliopandisha gari juu na kuweka shokapu ndefu ndio wanaohitaji raba ndefu. Kwa gari la kawaida, urefu wa kiwandani unatosha. Nunua mbili, hata kama moja bado inaonekana nzima.

Jioni ya siku iliyotangulia, sugua bolti kwa brashi ya waya na uzimwagie mafuta ya kulegeza kutu. Vumbi la Eyasi likichanganyika na matope huganda kama saruji, na bolti ikiachwa usiku kucha inakuwa na adabu asubuhi.

Kazi yenyewe haizidi saa mbili. Breki ya mkono ya gari langu inakamata magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukiinua nyuma haishiki chochote. Weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Inua kwa chesisi, usiinue kwa difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), maana unataka ekseli ishuke na nafasi ipanuke. Weka stendi mbili chini ya chesisi, toa magurudumu, uyalaze chini ya chesisi kama akiba. Utingo wangu aliwahi kutaka kuingia chini gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Nilimvuta kwa mguu. Ekseli inaposhuka, angalia mpira wa breki na mpira wa hewa wa difu visivutike.

Tumia boksi ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili itamaliza kichwa cha bolti. Bolti za M8 (unene wa milimita 8) za Toyota huwa na kichwa cha milimita 12, za M10 kichwa cha milimita 14. Kaza kidogo kwanza mpaka usikie imeachia, ndipo ulegeze, ukirudi nyuma na mbele. Ikikatika, usikimbilie kuchomelea. Piga alama katikati kwa sentapanchi, toboa kwa kekee ya milimita 6.8, kisha pitisha tapu (kifaa cha kuchonga nyuzi za bolti) ya M8 yenye hatua ya milimita 1.25. Ikibidi kuchomelea, chomoa kwanza betri, na ujue bomba la breki na tangi la mafuta viko wapi.

Kibati kikiwa wazi, kisugue na ukikague kwa tochi, hasa kwenye kona za weldi. Paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke. Funga raba kwa mkono kwanza, bolti zote, kisha kaza. Bolti ya M8 ya kawaida haitaki zaidi ya Nm 25 hivi. Kwa spana fupi ni nguvu ya mkono mmoja tu.

Rudisha magurudumu, shusha gari, pima tena. Mimi nilipata 90 na 88. Kisha paka grisi kidogo kwenye ncha za raba na uende safari yako na mzigo. Ukirudi, kaza bolti upya na uangalie ile grisi. Ikiwa imefutika kidogo, raba inafanya kazi yake kwenye mashimo makubwa. Ikiwa imesambaa yote na raba inang'aa, ekseli inaishi pale juu, na mzigo umezidi. Yangu ilisambaa nikiwa na magunia 12. Sasa napakia tisa, bila lumbesa.