Kuunganisha Printa Moja na Kompyuta za Mifumo Tofauti Nyumbani

Katika nyumba nyingi za Dodoma, iwe Area C au Nkuhungu, utakuta kompyuta ya Windows ya mzazi, Mac au Linux ya mwanafunzi wa chuo, na printa moja tu. Kabla ya kuinunua, hakikisha inakubali AirPrint au IPP Everywhere, yaani njia za kuchapa kupitia mtandao, kwa kuwa printa ya namna hiyo kwa kawaida haihitaji draiva yake (programu ya kuiendesha) kwa kila mfumo.

Iunganishe kwanza na Wi-Fi, kisha uingie kwenye mipangilio ya ruta, kifaa kinachosambaza Wi-Fi hiyo, uitengee anwani ya mtandao ya kudumu, mathalani 192.168.1.50. Hatua hii wengi huiruka, na umeme ukikatika na kurudi, printa huweza kupewa anwani mpya huku kompyuta zikiendelea kuitafuta ilikokuwa jana.

Kwenye Windows 11, fungua mipangilio, nenda sehemu ya printa na skana, uongeze kifaa. Mac na Ubuntu (aina ya Linux) hutumia CUPS, programu inayosimamia uchapaji, na mara nyingi huiona printa zenyewe. Isipoonekana kwenye Linux, andika localhost:631 kwenye kivinjari ili ufungue ukurasa wa CUPS, uiongeze kwa anwani ile ile.

Chapa ukurasa wa majaribio kutoka kila kompyuta, kisha ukizima printa uifunike kwa kitambaa, maana vumbi la kiangazi cha huku halina huruma na roli za karatasi.