Pazia la Bajaji: Kumkinga Dereva na Abiria Bila Kuziba Upepo

Bajaji ina kinga ambayo daladala na teksi hazina: iko wazi ubavuni. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walilinganisha vyombo vya usafiri vya India, yaani bajaji, teksi yenye kiyoyozi, teksi isiyo na kiyoyozi na basi. Walikuta hatari ya kuambukizana korona ni ndogo zaidi ndani ya bajaji, kwa sababu ya upepo unaopita. Kwa hiyo kabla hujanunua hata nusu mita ya nailoni ya kutengenezea pazia la kumtenganisha dereva na abiria, jiulize kama pazia lako litazuia mate na kuuacha upepo upite. Likizuia vyote viwili, afadhali lisiwepo kabisa.

Mtu akikohoa, kupiga chafya au kuongea kwa sauti, hutoa matone mazito na chembe ndogo sana. Matone hurushwa mbele kisha huanguka, mengi yao ndani ya mita moja au mbili. Kutoka mdomo wa abiria hadi kisogo cha dereva wa bajaji hakufiki mita moja, na hapo ndipo pazia lina kazi. Chembe ndogo huelea hewani kama moshi, nazo hupita pembeni, juu na chini ya pazia lolote. Hizo huondolewa na upepo, na barakoa huzipunguza. Kifua kikuu huenea kwa chembe za namna hiyo, na Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo zote zilikuwamo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Ndiyo maana suala hili halikwisha na korona.

Nailoni gani?

Chagua plastiki laini inayoonyesha upande wa pili, ile ya kufunikia meza inayouzwa kwa mita. Unene unaofaa ni milimita 0.5 hadi 0.8. Iliyo nyembamba zaidi hupigapiga kwenye upepo, huchanika kwenye matundu na hukunjamana hadi dereva haoni nyuma. Ya milimita moja na zaidi ni nzito kukunja na husumbua cherehani. Roli nyingi zina upana wa sentimita 137, ambao unatosha bajaji ya kawaida bila kuunga.

Kioo cha dirishani usikitumie kabisa. Akriliki nayo inavutia kwa macho kwa sababu ni plastiki ngumu na angavu, lakini ikigongwa hupasuka vipande vyenye ncha, tena usawa wa uso wa abiria. Isitoshe, ukiifuta kwa spiriti mara kwa mara hujaa nyufa ndogo kama utando wa buibui. Polikaboneti, plastiki nyingine ngumu, ya milimita 2 au 3 haipasuki ovyo, ila ni ghali na inahitaji fremu. Fremu ya chuma ndani ya chombo kidogo namna hii ni kitu kingine cha kugonga kichwa siku ya ajali. Kwa bajaji ya kazi sisi tunashauri plastiki laini, tena inayobanduka kwa mkono mmoja.

Kwa bajaji moja nunua mita 2 za nailoni, mita 4 za velkro (utepe wa pande mbili unaonatana na kubanduka) ya upana wa sentimita 5, mita 7 za utepe wa turubai wa kupindia kingo, mita 1.5 za kamba ya unene wa milimita 10, na klipu za chuma za mpira wa maji sita hadi nane zinazolingana na bomba za paa. Peleka yote kwa fundi maturubai au fundi wa viti vya magari. Cherehani ya nguo za kawaida itahangaika.

Kupima na kukata

Usipime kwa macho. Chukua boksi la kadibodi, likate, ulishike nyuma ya kiti cha dereva mpaka lilingane na umbo la paa. Dereva akae kama anavyokaa kazini, na abiria mrefu akae nyuma, magoti yakiwa mahali pake. Pazia la mbele, yaani la kati ya dereva na abiria, lishuke wima nyuma ya mgongo wa dereva bila kumgusa na bila kugusa magoti ya abiria. Likilalia kisogo cha dereva litamtoa jasho, na kabla ya saa sita mchana atakuwa amelitupa juu ya paa.

Ukingo wa juu uanze sentimita 2 au 3 chini ya bomba la paa. Ukingo wa chini ufike usawa wa mto wa kiti cha dereva usizidi hapo, ili hewa ipite miguuni. Pembeni acha sentimita 4 hadi 5 kila upande. Ukiacha wazi zaidi, abiria atainama pembeni kuongea na dereva, mate yapite hapohapo. Ukiziba kabisa, umeua upepo. Katika bajaji nyingi kipande hiki hutoka na upana wa karibu sentimita 110 na urefu wa sentimita 90, lakini ifuate kadibodi yako, maana mapaa yaliyokwisha kufanyiwa kazi na mafundi hayafanani.

Nailoni iliyokuwa roli hubaki na mikunjo. Itandaze juani nusu saa kwenye mkeka safi kabla ya kuikata. Kata kwa wembe mpya na rula ya chuma, si kwa mkasi, kwa sababu mkasi huacha vijino na kila kijino ni mwanzo wa mchaniko. Pembe zote zizungushe kwa kutumia kizibo cha chupa kama kipimo.

Kushona

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi aliyezoea nguo hushona mishono midogo midogo akidhani ndiyo imara. Kwenye nailoni, mishono iliyokaribiana hutoboa mstari mzima kama stempu za posta, na siku ya upepo mkali plastiki huachana palepale. Mwambie aweke mshono wa milimita 4 hadi 5, apinde ukingo kwa utepe wa turubai pande zote nne, na ashone mistari miwili iliyoachana sentimita moja. Kwenye ukingo wa juu ashonee velkro ndani ya pindo la turubai, si moja kwa moja kwenye nailoni.

Pindo la chini ndimo inamoingia kamba, ili pazia lisipepee. Wako wanaoweka fletibaa au nondo humo kwa sababu ni nzito. Usikubali. Bajaji ikifunga breki ghafla, chuma hicho kitakutana na magoti au meno ya mtoto.

Tundu la nauli wengi hulikata katikati, usawa wa mdomo, yaani mahali pabaya kuliko pote. Likiwa lazima, liwe upande wa kushoto, chini ya kiwiko cha dereva, upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10, pembe zake zimezungushwa, na juu yake kipande cha nailoni kinachoning'inia kama kifuniko cha mfuko wa shati. Afadhali zaidi usikate kitu: bandika lipa namba (namba ya kulipia kwa simu) upande wa abiria, usawa wa macho yake. Mwenye noti aipitishe chini ya pazia.

Kufunga

Usitoboe bomba za paa. Tundu la drili huingiza maji ya mvua, bomba linaoza kwa ndani, na kutu utaigundua paa linapoanza kucheza. Zungushia klipu za mpira wa maji kwenye bomba, kila baada ya sentimita 25 hadi 30, juu ya kipande cha mpira wa tairi la ndani ili zisikwaruze rangi. Klipu hizo zishike mkanda wa turubai uliotobolewa mapema na kushonewa upande wa pili wa velkro. Pazia lenyewe linashikwa na velkro peke yake. Vichwa vya skrubu za klipu vielekee juu, vifunikwe kwa mpira. Chini, tumia vipande viwili vya velkro kulifunga kwenye bomba la kushikilia nyuma ya kiti cha dereva. Liache lilegee kidogo. Likivutwa likakaza kama ngozi ya ngoma, nguvu yote huhamia kwenye mishono ya pembeni.

Sasa lijaribu. Kaa kiti cha abiria, shika ukingo wa juu, vuta kwa mkono mmoja. Likikataa kubanduka kwa mvuto mmoja, punguza velkro. Bajaji ikilala ubavu, pazia lisilobanduka ni mtego.

Kisha dereva atazame kioo cha ndani na vioo vya pembeni. Kupitia nailoni aweze kusoma namba ya gari lililo mita 20 nyuma yake, mchana na usiku. Usiku ndio mtihani wenyewe, kwa kuwa taa za gari la nyuma hutawanyika kwenye plastiki chafu au yenye mikwaruzo na kumpofusha dereva.

Pazia la katikati, kati ya abiria na abiria

Hili ni gumu zaidi, na kwa bajaji inayobeba watatu halina maana: pazia haliwezi kukaa kwenye mapaja ya mtu wa kati. Lifunge tu ikiwa umeamua kubeba wawili. Tena bajaji nyingi za kwetu upande wa kulia umezibwa kwa bomba ili abiria asishukie barabarani, kwa hiyo aliyekaa kulia hana budi kupita kwa mwenzake. Pazia la katikati lisilokunjika litang'olewa siku ya kwanza.

Litundike kwenye bomba la paa linaloenda mbele-nyuma. Kama bomba hilo halipo, funga mkanda imara wa turubai kati ya mabomba mawili yanayokatiza. Urefu wake utoke mgongo wa kiti hadi usawa wa magoti, karibu sentimita 60. Kimo chake kiishie sentimita 10 juu ya mto wa kiti. Shonea mikanda miwili juu ili lizungushwe kama jamvi na kufungwa abiria anapopanda au kushuka, au wanapopanda mama na mwanawe. Watu wa nyumba moja hawana haja ya kutenganishwa.

Upepo unapita?

Funga vipande vya uzi vya sentimita 10 mahali sita: viwili usawa wa masikio ya dereva, viwili usawa wa nyuso za abiria, viwili kwenye pembe za nyuma. Endesha polepole barabara tulivu, mtu wa nyuma atazame. Uzi unaochezacheza wakati wote ni dalili njema. Uzi ulionyooka chini na kutulia unaonyesha kona ambamo hewa imelala, na mara nyingi ni kona ya nyuma, upande uliozibwa. Dawa yake ni kulipunguza pazia la katikati kwa nyuma sentimita 10, au kufungua dirisha la turubai la nyuma kama lipo. Usijaribu kwa udi au moshi wa aina yoyote, maana petroli iko karibu.

Mvua ikinyesha, maturubai ya pembeni yakishushwa, hesabu yote hubadilika: bajaji imekuwa chumba. Shusha la upande mvua inakotokea tu, na kila mtu avae barakoa. Anayekohoa akae upande ulio wazi.

Kuhusu bodaboda, usiweke ngao ya aina yoyote kati ya dereva na abiria. Ufilipino iliilazimisha Julai 2020, wahandisi wakalalamika kwamba upepo unaikamata ngao na kuyumbisha pikipiki, na baadaye sharti hilo likaondolewa.

Usafi

Vumbi kavu usilifute kwa kitambaa kikavu, ni msasa. Mwagia maji kwanza, osha kwa sabuni na kitambaa laini, suuza. Kisha paka dawa: jiki ya asilimia 3.5, mililita 30 (vijiko viwili vya chakula) kwa lita moja ya maji. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, mililita 20 zinatosha. Acha dakika 10, suuza, kausha. Sabuni lazima itangulie, kwa sababu jiki humalizwa nguvu na uchafu. Changanya upya kila siku, na usiichanganye na dawa nyingine ya kusafishia. Spiriti hukausha nailoni ikawa ngumu na yenye ukungu. Petroli na tina ya rangi huiharibu mara moja. Sehemu inayoshikwa zaidi ni ukingo wa chini na kifuniko cha tundu la nauli, basi hapo futa kila mapumziko, na pande zote mbili.

Ukililaza usiku lizungushe kama roli, usilikunje. Jua huligeuza njano na kulikausha taratibu. Siku namba ya gari la mita 20 haisomeki tena hata baada ya kuosha, badilisha nailoni. Velkro, mkanda na klipu hubaki kazini, na kadibodi ya kipimo iliyohifadhiwa itamwokolea fundi kazi ya kupima upya.