Timu ya watoto mtaani: anza na daftari, jezi baadae

Nafundisha watoto mpira hapa Tanga, upande wa Sahare, na kila baada ya siku mbili tatu kuna mtu ananiuliza kocha na mi nataka kukusanya madogo wa mtaani kwetu, nianzie wapi. Bora niandike mara moja. Mnisamehe nikirukaruka.

Hatua ya 1: usinunue jezi

Najua ndo kila mtu anapoanzia. Mwaka wangu wa kwanza alitokea mfadhili akaleta seti nzima, tukapiga picha weee, wiki mbili hazijaisha nakuta jezi mbili ziko kwenye turubai la mitumba. Dogo kauza, nyumbani hakuna unga, ungekuwa wewe ungefanyaje? Nunua mipira miwili, filimbi na kauntabuku moja kubwa. Wenye miaka 8 mpaka 12 wape mpira namba 4, hiyo namba 5 ni ya wakubwa. Magoli ni ndala, wanajua wenyewe.

Hatua ya 2: piga hodi

Mwenyekiti wa mtaa kwanza, afu nyumba kwa nyumba. Utakaa kwenye mkeka unywe chai hata kama umeshiba. Mama mmoja aliniuliza, "Kocha, mwanangu akivunjika mguu ntakufata wapi?" nikajing'atang'ata pale, nikarudi siku ya pili na jibu, kwaiyo we nenda na jibu kabisa. Wenye mabinti waambie saa ya kurudi, magharibi isimkute uwanjani. Na muone ustadhi wa chuo cha mtaa, yaani madrasa, maana ukigonganisha mazoezi na chuo umeshapoteza wazazi wote. Kwetu chuo hakuna Alhamisi na Ijumaa, ndo siku zetu.

Hatua ya 3: uwanja

Sie tunachezea mchangani maji ya bahari yakitoka, mchanga ukiwa bado na unyevu ni mgumu na mpira unadunda vizuri tu, peku hakuna shida. Ila soma mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwandamo maji yanapojaa sana, saa 10 jioni bahari imejaa, uwanja uko chini ya maji, sasa hapo unasubiri Jumamosi saa 4 asubuhi maji yamekupwa. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku so usipange ratiba ya mwezi mzima kwa saa moja ileile, waulize wavuvi.

Hatua ya 4: daftari

Hapa ndo kwenye kazi yenyewe, mpira ni chambo tu. Kila mazoezi naandika jina, leo kaenda shule au hajaenda, na kala nini mchana. Wanakaa chini dakika kumi kabla mpira haujaguswa, hata walalamike vipi.

Kuna dogo mmoja winga, mwepesi kama kamba mti, daftari likanionyesha Alhamisi tatu mfululizo hajaenda shule. Sikumuuliza mbele ya wenzie. Nikamfata pwani nikamkuta anapara samaki, mikono magamba matupu, kuniona akaficha kisu. Kumbe shati la shule limechanika na kuna mchango hajapeleka. Ada imefutwa mpaka kidato cha nne tangu 2016 sawa, ila shati hawagawi. Tukaongea na mama yake, shati likapatikana kwa jirani ambae mwanae kamaliza la saba, kupara samaki ikabaki Jumamosi. Bila daftari ningesema tu huyu mtoro nimtoe kikosini.

Hatua ya 5: pointi zisitoke kwenye magoli tu

Hii tumeiga. MYSA, chama cha michezo cha vijana kule Mathare, Nairobi, walioanza 1987, timu ikifanya usafi mtaani inapata pointi kwenye ligi. Sie tunazibua mtaro. Nyingine ya Medellín, Kolombia, baada ya Andrés Escobar, beki wa timu yao ya taifa, kuuawa 1994 vijana walichezeshwa timu za mchanganyiko, na goli la kwanza lazima afunge msichana. Wiki ya kwanza wavulana wetu walinuna, hawatoi pasi, mechi ikaisha sifuri sifuri. Wiki ya pili nasikia wanapiga kelele "mpe dada! mpe dada!"

Hatua ya 6: usalama

Watu wazima wawili kila mazoezi, mmoja mwanamke. Usibaki na mtoto peke yenu. Ukiona dalili za kupigwa au kuchezewa usijifanye polisi, piga 116, ni bure.

Na usiwaahidi kuchezea Coastal Union, timu kubwa ya hapa Tanga. Kila mzee hapa atakusimulia ubingwa wao wa ligi wa 1988, mtoto akisikia na we unaongeza chumvi anaacha shule kabisa.

Hatua ya 7: jezi

Miezi sita imepita na daftari bado lina majina? Haya nunua. Rangi moja, bila namba ni rahisi zaidi. Zigawe dakika tano kabla ya mechi, zihesabu wakivua, na zilale kwako. Kufua zamu kwa zamu, kocha nae ana zamu yake.