Kuunda Treni Ndogo ya Abiria: Anzia Kwenye Magurudumu

Mtu anayefungua kifurushi cha vipande vya kuunda behewa dogo la abiria kwa mara ya kwanza huvutiwa na kuta zake, kwa kuwa ndiko madirisha, milango na vishikio vilikochongwa kwa ustadi, na mkono humwasha kuzigundisha na kuzipaka rangi siku hiyohiyo. Mimi nashauri aanze upande wa chini. Behewa, hata likiwa na urefu wa sentimita 23 tu, ni chombo cha kutembea relini, na kazi ya kwanza ya mjenzi ni kulifanya litembee. Behewa lisilotembea sawasawa likiwa sakafu tupu halitatembea sawasawa baada ya kupambwa, na wakati huo kila marekebisho yatagharimu rangi na vioo vilivyokwisha kukamilika.

Uchaguzi wa skeli, yaani kiasi ambacho modeli imepunguzwa kulingana na treni halisi, hutangulia yote, na kwa msomaji wa Uganda una jambo lake la pekee. Skeli inayotumika zaidi duniani ni HO, ambayo ni 1:87, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha namba hizo mbili utapata takriban milimita 1,435, yaani upana wa reli ya kisasa (SGR) kama ile ya Kenya, na ndio upana uliokusudiwa kwa njia mpya ya kutoka Malaba hadi Kampala. Reli yetu ya zamani, iliyofika Kampala mwaka 1931 na Kasese mwaka 1956, ina upana wa mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 87 huwa milimita 11.5 hivi. Ndiyo maana wanaoiga reli za aina hiyo hutumia reli ndogo ya milimita 12, kwa mtindo uitwao HOm. Vifurushi vya Uingereza navyo kwa kawaida huwa vya OO, yaani 1:76, ingawa hutembea juu ya reli ileile ya milimita 16.5. Kwa treni ya kwanza chagua behewa la plastiki la HO au OO lenye reli ya milimita 16.5, kwa sababu magurudumu, reli na viunganishi vyake hupatikana kwa urahisi zaidi, na ustadi utakaoupata utakufaa baadaye utakapotaka kuunda mabehewa ya reli ya mita moja. Vifurushi vya shaba ya manjano, ambavyo huhitaji kulehemiwa, viache kwa sasa.

Unapoagiza kutoka nje, kumbuka kwamba gundi za kimiminika na rangi nyingi za modeli huwaka kwa urahisi, kwa hiyo wauzaji wengi hawazitumi kwa ndege. Utapokea plastiki na magurudumu, kisha gundi na rangi uzitafute hapa. Gundi ifaayo kwa plastiki hii, ambayo ni polistirini, ni kiyeyusho kinacholainisha nyuso mbili zikashikana kuwa kitu kimoja, na kiyeyusho cha butanoni hufanya kazi hiyo vizuri. Baadhi ya thina zinazouzwa katika maduka ya rangi za magari pia huyeyusha polistirini, lakini nyingine huila kupita kiasi, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande, ambayo hata hivyo ungeitupa. Fanya kazi mahali penye hewa, mbali na jiko la mkaa na mshumaa, kwa kuwa mvuke wa viyeyusho hivi hushika moto.

Vifaa vingine si vingi: kisu chenye makali mapya, tupa ndogo, msasa laini wa namba 400 na 600, kibano, skwea, rula ya chuma, na biti ya milimita 2 ya kuzungusha kwa mkono. Nunua pia kalipa, yaani kifaa cha kupimia nafasi na unene mdogo, ukiweza, hata ya bei nafuu. Mwombe fundi wa vioo akukatie kipande cha kioo bapa chenye ukubwa wa karatasi ya kuandikia, kisha akisugue kingo zake zisikukate. Kioo hicho kitakuwa meza yako ya ukaguzi, kwa maana mbao hupinda na meza za nyumbani si bapa kama zinavyoonekana.

Osha fremu zote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo ili kuondoa mafuta yaliyobaki kutoka kiwandani, zisuuze, uziache zikauke zenyewe. Usikate vipande vyote kwa mara moja, kwa sababu namba zilizo kwenye fremu ndizo zinazokuonyesha kipande gani ni kipi. Kata mbali kidogo na kipande chenyewe, kisha punguza kibaki kwa kisu na umalizie kwa msasa.

Magurudumu na bogi

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka hata kidogo. Kila behewa la abiria la kawaida husimama juu ya bogi mbili, yaani fremu mbili zenye magurudumu manne kila moja, zinazogeuka peke yake chini ya sakafu. Katika vifurushi vingi ncha za ekseli zimechongoka kama sindano na hukaa ndani ya vikombe vidogo vya shaba, na vikombe hivyo hupachikwa katika matundu ya milimita 2 upande wa ndani wa bogi. Safisha kila tundu kwa biti, ukiizungusha polepole kwa vidole, hadi kikombe kiingie chote na ukingo wake ulale sawa na plastiki. Kikombe kimoja kikitokeza kuliko wenzake, ekseli itabanwa au itakaa mshazari, na behewa litavuta upande mmoja maisha yake yote.

Kabla ya kuweka ekseli, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili. Kwa OO inapaswa kuwa milimita 14.5, na kwa HO karibu milimita 14.4. Usiseme kwamba kiwandani wamekwisha kupima, kwani gurudumu husogea juu ya ekseli hata safarini, na tofauti ya nusu milimita inatosha kuliangusha behewa kwenye kila njia panda ya reli. Gurudumu lililosogea lirudishe kwa kulizungusha huku ukilivuta taratibu, bila kuligonga. Angalia pia kihami, yaani kipande kinachozuia umeme kupita. Reli mbili za modeli hubeba umeme, moja chanya na nyingine hasi, kwa hiyo magurudumu ya ekseli moja hayaruhusiwi kuupitisha kutoka upande huu hadi ule. Ikiwa kihami kipo kwenye gurudumu moja tu la kila ekseli na bogi yako ni ya chuma, hakikisha magurudumu yote yenye kihami yako upande mmoja wa bogi hiyo, la sivyo utatengeneza njia ya mkato ya umeme na treni haitatembea.

Gundisha upande mmoja wa bogi kwenye boriti ya katikati, weka ekseli, kisha sogeza upande wa pili huku gundi ikiwa bado laini. Isimamishe bogi juu ya kioo. Magurudumu yote manne lazima yakiguse, na ukiigusa kona yoyote kwa ncha ya kidole isiyumbe. Sahihisha sasa hivi, maana baada ya saa moja plastiki itakuwa imekwisha kushikana. Ekseli nzuri huwa na nafasi ndogo ya kucheza kando, nayo ukiipuliza huendelea kuzunguka baada ya pumzi yako kukoma.

Namna ya kuzifunga bogi kwenye sakafu huamua mengi. Bogi ya kwanza ifungwe kwa skrubu hadi iweze kugeuka kushoto na kulia bila kuyumba upande kwa upande. Ya pili ifungwe kwa kulegea zaidi, igeuke na pia iyumbe. Kwa njia hiyo sakafu hushikiliwa mahali patatu, na kitu kilichosimama juu ya sehemu tatu hakiwezi kutikisika kama meza yenye mguu mfupi, hata reli ikiwa na kasoro ndogo.

Uzito na sakafu

Behewa la plastiki likiwa jepesi huruka nje ya reli kwenye kona, na likiwa zito mno injini ndogo hushindwa kuvuta matatu kwa pamoja. Chama cha Marekani cha wapenda reli za modeli, NMRA, kinapendekeza kwa HO gramu 28 za kuanzia, kisha uongeze gramu 14 kwa kila sentimita mbili na nusu za urefu. Kwa behewa la sentimita 23 hiyo ni karibu gramu 155, ukihesabu kila kitu pamoja na paa. Lipime behewa lote likiwa bado halijaunganishwa, kisha ujaze pengo kwa nati za chuma zilizopangwa chini kabisa, nusu juu ya bogi moja na nusu juu ya nyingine. Vipande vya madini ya risasi ambavyo wavuvi wa Ziwa Viktoria hufunga kwenye nyavu vinafaa kwa ukubwa, lakini unawe mikono baada ya kuvishika, na kamwe usivigundishe kwa gundi nyeupe ya mbao: asidi iliyomo humenyana na risasi, nayo risasi ikafura pole pole kwa miaka hadi ikapasua kuta za behewa. Tumia gundi ya epoksi.

Sasa liviringishe hilo dude lisilo na kuta juu ya reli yako, lipite kila kona na kila njia panda. Kwa mabehewa ya urefu huu kona yenye radiasi ya milimita 438 ni ya chini kabisa, na ya milimita 600 hupendeza zaidi machoni. Usiendelee mbele mpaka lipite bila kuteguka.

Kuta, rangi na vioo

Gundisha ukuta mmoja wa upande na mmoja wa mwisho kwa pembe ya digrii 90, ukiushikiza kwenye skwea, kisha fanya hivyo kwa jozi ya pili. Ukishapata vipande viwili vyenye umbo la L, viunganishe kuwa sanduku juu ya kioo. Toboa tundu dogo sakafuni mahali pasipoonekana, kwa kuwa mvuke wa gundi ukifungiwa ndani hulainisha kuta taratibu na kuzipinda. Paa lisigundishwe kabisa. Liache lishikwe na vijiti viwili vya ndani ili uweze kulifungua ukiweka viti, abiria au taa.

Rangi ya msingi ya kijivu huonyesha mikwaruzo usiyoiona kwenye plastiki tupu, basi ipake nyembamba na uikague mchana. Kisha tangulia na rangi nyepesi. Kama utapaka krimu juu na nyekundu iliyoiva chini, krimu ije kwanza, ikauke kabisa, ifunikwe kwa utepe wa karatasi, ndipo nyekundu ifuate kwa tabaka mbili au tatu nyembamba. Msimu una sauti katika jambo hili. Katika mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hewa ya Kampala huwa na unyevu mwingi, na vanishi isiyong'aa ikipulizwa siku kama hiyo huacha ukungu mweupe. Subiri saa ya jua, au ukatize kazi hadi kesho.

Maandishi ya ubavuni, hasa yale ya karatasi za kuloweka majini, hushika vizuri juu ya vanishi inayong'aa, na vanishi isiyong'aa hupakwa baadaye kuyafunika. Wachapaji wa Nasser Road wanaweza kukuchapia namba na majina, lakini waeleze mapema kama unataka herufi nyeupe, kwa maana mashine nyingi hazina wino mweupe na hutegemea weupe wa karatasi. Anayetaka kuyapa mabehewa yake sura ya reli yetu na aende Jinja kwenye makumbusho ya reli, apige picha za ncha, vishikio na ngazi, ambazo ndizo picha adimu zaidi, kwa kuwa kila mtu huwa anapiga ubavu wa behewa tu.

Vioo vya madirisha hutiwa mwisho, kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ya papo hapo hutoa mvuke unaovitia ukungu.

Kuunganisha treni

Viunganishi vya mabehewa yote lazima viwe na kimo kimoja. Lisimamishe behewa kando ya injini juu ya kioo, ulinganishe, na tofauti ikionekana weka washa (kipete bapa) nyembamba kati ya bogi na sakafu badala ya kukipinda kiunganishi. Umeme wa treni hizi ni wa volti 12 wa mkondo mnyoofu, kwa hiyo betri ya sola inaweza kuiendesha treni wakati umeme wa nyumbani umekatika, mradi mkondo wake upitie kidhibiti cha mwendo na fyuzi ya ampea 1. Betri ya aina hiyo ina nguvu ya kuyeyusha waya kwa sekunde chache, na fyuzi hiyo si ya hiari.

Vuta behewa moja, halafu mawili, halafu treni nzima. Kisha irudishe nyuma, injini ikisukuma mabehewa yote kwa mwendo mdogo kupitia kona mbili zinazopingana. Kusukuma ni kipimo kigumu kuliko kuvuta, kwa sababu kila kasoro ya magurudumu, ya uzito na ya kimo cha viunganishi hujitokeza hapo. Likianguka behewa lilelile mahali tofauti, tatizo liko kwenye bogi zake, basi anza tena na kalipa. Yakianguka mabehewa tofauti mahali palepale, yaache mabehewa na ukainyooshe reli.